Pasi ya Mkaa na Mashairi ya Kukaa Peke Yako

Juzi mjukuu wangu wa sekondari alikaa jikoni kwangu akijisomea shairi la Kiingereza kwa sauti. Nikamwuliza linasema nini.

"Bibi, ni mtu yuko peke yake mlimani, anafurahi."

"Anafurahia nini?"

"Sijui. Mwalimu alisema kwenye mtihani tuandike uzuri wa maumbile."

"Na watu wa kwao wako wapi?"

"Hawajaandikwa."

Niliacha kusonga ugali. Yaani miaka yote hii mnasomeshwa mambo yale na hakuna hata mmoja wenu aliyeshtuka. Mimi niliposhtuka nilikuwa kijana kama ninyi, wakati wa Mwingereza, baada ya askari kurudi kutoka Vita vya Pili, na mshtuko wenyewe haujaniisha. Shule sikusoma. Herufi nilizijua ukubwani, kwenye ngumbaru. Lakini mashairi hayo nimeyasikia mara nyingi kuliko mwalimu wenu, pasi ya moto ikiwa mkononi. Kwa hiyo nisikilizeni.

Nilikuwa dobi. Si mfua nguo wa mtoni tu. Dobi wa nyumba ya mzungu, mwenye meza yake, pasi yake na blanketi lake la kutandika. Kazi hiyo siku zile ilikuwa ya wanaume, na wengi wao walitoka mbali, maana sisi Wairaqw wa Tumati tulijua ng'ombe na jembe. Shuka langu ukilikunja mara nne, kona zote zilikutana. Ninyi mnachomeka waya ukutani mnaita kupiga pasi.

Pasi ya mkaa ina tabia kama fahali. Unaijaza makaa ya mti mgumu, kwa sababu mti laini hurusha cheche, na cheche moja ni tundu moja. Unasimama upepo ukikujia ubavuni, unaipunga taratibu mpaka majivu yaishe, kisha unaipangusa tumbo kwa jani la mgomba. Unadondosha tone la maji. Likikaa likichemka, bado. Likiruka na kukimbia, anza. Wanga nilipika mwenyewe kwa unga laini wa mahindi, nikauchuja mara mbili. Nguo yenye maua ya kutarizi unaipiga kwa upande wa nyuma, ili maua yasilale kama majani yaliyokanyagwa na mbuzi.

Hayo yote alinifundisha Mzee Salimu, mpishi wa nyumba ile. Alikuwa Mrangi wa Kondoa, Mwislamu, na kaka yake alikuwa na duka Dongobesh. Alikuwa amepikia wazungu wanne kabla ya hawa, kwa hiyo alijua Kiingereza cha jikoni na cha barazani. Ulimi wake ulikuwa kisu.

"Shikamoo, Mzee Salimu."

"Marahaba. Wee binti, hilo ni shati la Bwana, si ngozi ya mbuzi. Hulikanyagi, unalibembeleza."

Sasa mtauliza mwanamke alifikaje kwenye meza ile. Nilifika kwa sababu nilikuwa nimetengwa.

Siku zile kwetu, mtoto mchanga akifa, mama yake anabaki na kifo mwilini, na kifo kile kinaweza kumshika mwingine. Mwanangu wa kwanza alikufa hata jino hajaota. Basi ikawa siingii nyumba ya mtu. Sipewi mkono. Maji nachota chini kabisa ya mkondo, wengine wakishachota juu. Ng'ombe wetu wawili hawachanganywi na wa jirani. Mume wangu alikuwa Karatu kwenye mashamba ya walowezi, akapelekewa habari abaki huko huko mpaka muda uishe. Mama mkwe wangu, nyumba yake niliiona ng'ambo ya korongo, aliniwekea unga juu ya jiwe, akageuka akaenda bila neno. Hakuwa na ubaya. Ndivyo ilivyotakiwa. Muda ungeisha lini walijua wazee, mimi sikuambiwa.

Mtoto nilimlilia. Lakini kukaa bila watu ndiko kulikotaka kunimaliza. Kulikuwa na mwanamke wa bonde la pili aliyetengwa kabla yangu. Alipotolewa alikuwa amezoea kuzungumza na mtungi wake, hata watu wakimsalimu aliujibu mtungi kwanza. Nilimwogopa yule mama kuliko chui. Na asubuhi moja, natoka kwenda shambani, nikajisikia nikiuaga mtungi wangu. Shambani sikwenda.

Siku ile ile nikapanda kwa mzungu. Kwa hesabu zetu kwa mzungu hapakuwa nyumba ya mtu. Mwiko haukumhusu yeye, wala haukumhusu Mzee Salimu wa Kondoa. Dobi wao alikuwa amerudi kwao. Nikasimama nyuma ya jiko, nikamwambia Mzee Salimu nataka kazi yoyote, mradi pawe na mtu wa kuniambia nimekosea.

"Huyo mtu umempata," akasema.

Bwana alikuwa mtu wa kilimo serikalini. Wiki nzima yuko safarini upande wa Hanang kukagua matuta ya watu, anarudi na vumbi mpaka masikioni. Memsahibu, mke wake, alibaki. Hakuwa na mtoto. Mchana, saa tisa hivi, alitoa kiti barazani karibu na meza yangu, akafungua kitabu kikuukuu chenye mashairi ya wazee wao wa kale, akasoma kwa sauti. Hakumsomea mtu. Mzee Salimu alisema baadhi ya wazungu hujisomea hivyo, ni kama sisi tunavyomwimbia ng'ombe tukikamua.

Sikujua neno hata moja. Lakini niwaambie kitu ambacho mwalimu wenu hawezi kuwaambia. Mashairi yale yana hatua. Yanatembea: mguu mzito, mguu mwepesi, mzito, mwepesi, halafu yanafika mwisho wa mstari, yanageuka kama plau ya ng'ombe mwisho wa shamba. Siku ya tatu nikagundua mkono wangu wa pasi unakwenda nayo. Mstari mmoja, upana mmoja wa shuka. Sijawahi kunyoosha mashuka vizuri kama siku zile za kusomewa.

Hasara yake niliipata wiki iliyofuata. Memsahibu alikuwa anasoma, mimi napiga shati jeupe la Bwana, mkono uko ndani ya shairi. Katikati ya mstari akanyamaza. Sijui mtunzi ndiye aliyeweka kituo pale, au ni yeye aliyeangalia msituni. Alinyamaza, na mkono wangu nao ukanyamaza, juu ya kola. Mpaka anaendelea, moshi umeshapanda.

Mzee Salimu akatoka jikoni akinusa. "Leo tunakula shati?"

Memsahibu akauliza imekuwaje. Nikamwonyesha kwa mkono: wewe ulisimama, na mimi nikasimama. Alicheka mpaka akaweka kitabu usoni. Kola akaigeuza mwenyewe kwa sindano, Bwana hakujua.

Baada ya siku ile nikataka kujua yale maneno yaliyounguza shati yanasema nini. Nikambana Mzee Salimu akimenya viazi.

"Ni mambo ya msituni," akasema. "Mvua imekatika. Ndege mmoja analia mara moja. Mtu amesimama pale anasikiliza, na anashukuru kwa kuwa hakuna ndege mwingine aliyemjibu."

"Anashukuru?"

"Ndivyo lilivyo."

"Ndege ameita, hajaitikiwa, na mtu mzima anashukuru?"

"Binti, mimi napika tu."

"Na lile refu, analosoma kila siku? Lile ambalo mwishoni anashusha sauti?"

Mzee Salimu akaacha viazi. "Lile ni mtu ana nyumba yake mbali. Anasema njia ya kwenda kwake imeota majani mpaka haionekani, hakuna mguu unaoijua. Anaomba majani yazidi kuota."

Nilikaa chini, pale pale kwenye maganda ya viazi.

Ninyi mnaishi kwenye lami, hamwezi kuelewa. Kwetu njia ya nyumbani haifyekwi kwa panga, inafyekwa na nyayo za watu. Ukiona njia imefunga majani, unajua pale haendi mtu, na unajua kwa nini. Unapita mbali, unawashika watoto mkono. Njia yangu mimi, mwezi ule, majani yalikuwa yamefika kifundoni. Kila jioni niliyaangalia yanavyopanda. Na kumbe kuna mtu duniani ameyaombea dua, na dua yake ikapigwa chapa kitabuni.

Sikulala vizuri. Lakini kulipokucha nikawa nimepata jibu, na jibu lilikuwa wazi kiasi kwamba niliona haya kwa kutolijua mapema. Memsahibu ametengwa.

Angalieni wenyewe. Hana mtoto mgongoni wala miguuni. Hakuna mwanamke anayemtembelea. Mume wake yuko mbali siku zote, kama wangu. Kila jioni anachukua sahani ya mkate na chupa ya chai, anakwenda kukaa juu ya jiwe ukingoni mwa msitu, na amekataza mtu yeyote asimfuate. Na anasoma maneno ya mtu ambaye njia yake imeota majani, tena akifika pale anashusha sauti. Mtoto wa huyu mama amekufa, nikasema, na watu wake wamemleta huku mwisho wa dunia mpaka muda uishe.

Na kwetu kuna sheria moja nzuri juu ya jambo hilo: waliotengwa hawatengani. Kifo hakiwezi kumshika ambaye tayari anacho. Wawili kama sisi tunaweza kukaa pamoja na kula chungu kimoja bila dhambi. Nilikuwa nimemwacha mwenzangu peke yake wiki zote hizo kwa ujinga wangu.

Jioni nikakunja shuka la mwisho, nikapanda mpaka kwenye jiwe lake. Nikaketi ubavuni pake, bega kwa bega. Nikachukua kipande cha mkate kwenye sahani yake, nikakikata mara mbili, nusu nikampa, nusu nikala. Kisha nikamwambia kwa Kiswahili, polepole ili aelewe:

"Pole sana, mama. Wako alikuwa wa kiume au wa kike?"

Alinitazama na ile nusu ya mkate mkononi. "Nani?"

"Mtoto wako. Aliyekufa."

Uso wake ulibadilika rangi kama kaa linalopulizwa. Akasimama. Sahani ikaanguka, ikapiga jiwe. Akaita, "Salimu." Na siku ile, kwa bahati yangu ya siku zile, Bwana alikuwa amerudi mapema kutoka Hanang. Akaja Mzee Salimu mbio, Bwana nyuma yake na buti za safari. Wakanikuta nimekaa kwenye jiwe la Memsahibu, mkate mdomoni. Nilitafuna nikameza, nifanye nini tena.

Bwana alisema maneno machache. Mzee Salimu akayageuza bila kunitazama. "Anasema kusanya vitu vyako uende."

"Sina vitu."

"Binti, umekula kwenye sahani ya Memsahibu? Mimi nimepikia hawa watu mpaka nina mvi, sijawahi kuonja mbele yao hata ukoko."

"Yeye ametengwa kama mimi. Waambie. Waliotengwa wanakula pamoja."

Mzee Salimu alijifunika mdomo kwa kiganja. "Nikitafsiri hilo, na mimi nitakusanya vitu vyangu."

"Litafsiri, baba. Nikirudi kule chini leo, nitaanza kuzungumza na mtungi. Utaniona sokoni naujibu."

Sijui ni neno gani lililomgusa. Labda ni hilo la baba. Alivua kofia, akatazama chini, akatafsiri. Alitafsiri muda mrefu, na aliponyoosha mkono kuonyesha nyumba yangu bondeni, Memsahibu naye akaangalia kule. Kisha akamjibu kwa maneno mafupi kabisa.

"Anasema hajafa mtu," Mzee Salimu akaniambia. "Anakaa peke yake kwa sababu anapenda."

"Umekosea kusikia. Mwulize tena."

Akauliza. "Anapenda."

"Bila maiti?"

"Bila maiti, binti. Anapenda tu."

Nimezaa tisa, nimeona nzige wakila shamba zima kabla ya saa sita mchana, nimeona mlima ukiporomoka na matope yake. Hakuna kilichowahi kunisimamisha moyo kama maneno yale. Kumbe mtu anaweza kuwa mzima, watu wake wazima, akakichukua kwa hiari kitu ambacho sisi tunampa mtu kwa sababu ya mauti, akakitia maziwa na sukari, akakinywa jioni. Nilimtazama yule mama nikamwogopa. Na yeye, nadhani, alikuwa ananiogopa mimi.

Akaniuliza mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha kijitabu: "Wewe, peke yako, siku ngapi?"

"Sijui. Wazee ndio wanaojua."

Akageuka kwa Bwana. Walizungumza. Bwana alipandisha sauti, yeye akaishusha ya kwake. Nikamvuta Mzee Salimu kanzu, wanasemaje. "Hayo ni ya mtu na mke wake," akanijibu, "hata nikielewa." Nilisimama pale nikiangalia njia ya kushuka bondeni. Nilikuwa nikifikiri nitauvunja mtungi nikifika, halafu nikakumbuka kwamba nikiuvunja nitabaki bila hata huo.

Mwishowe Bwana akaondoka, hatua ndefu. Memsahibu akasema na Mzee Salimu.

"Kazi yako ipo," akaniambia. "Sahani usiguse. Na hili jiwe ni lake."

Nikashukuru. Nikainama kuokota vipande vya sahani. Halafu, mnanijua nilivyo, nikauliza: "Na lile pale ni la nani?" Kulikuwa na jiwe jingine, hatua kama saba kutoka lile.

Mzee Salimu akasema astaghafirullahi kimoyomoyo, nilimwona midomo. Lakini akauliza kama naweza kukaa pale. Memsahibu aliliangalia lile jiwe kama mtu aliyeombwa ng'ombe wake wa maziwa. "Ndiyo," akasema. "Lakini maneno hapana."

Basi ndivyo tulivyokaa, jioni kwa jioni, kila mtu na jiwe lake. Yeye na kitabu, mimi na kikapu cha soksi za kushona matundu. Tena nimpe haki yake: alinipa kitu alichokipenda. Ukiwa na upweke mmoja na ukampa mtu nusu, hubaki na nusu, unabaki huna. Alijua, akanipa.

Na pale, bila maneno, ndipo nilipoanza kuyasikia mashairi yenyewe. Ukimya wa nyumbani kwangu ulikuwa na mtu mmoja ndani yake, yule asiyelia tena usiku. Ukimya wa pale juu ulikuwa na nyenje, na maji ya chini ya mizizi, na ndege yule mmoja mvua ikikatika. Siku moja alilia mara moja. Nikasubiri ajibiwe. Hakujibiwa. Moyo wangu nao ukatulia, sijui kwa nini, nikamtazama Memsahibu, na yeye alikuwa ananitazama mimi, akaitikia kwa kichwa hivi: ndiye huyo. Nikaona aibu kama mtu aliyekutwa anaiba asali.

Kwa hiyo wajukuu, msije mkasema bibi anasema mashairi yale ni upuuzi. Hayasemi uongo. Lakini mkisoma shairi la mtu anayesifu kuwa peke yake, kabla ya kuandika uzuri wa maumbile, ulizeni kwanza nani aliyefunga mlango, aliye ndani au walio nje. Yule mwenye njia ya majani, nina hakika kulikuwa na mtu jikoni kwake anamchemshia chai.

Wazee walinitoa kabla ya mavuno. Nilinyolewa nywele, pombe ya mtama ikapikwa, mama mkwe wangu akavuka korongo akanishika mikono yote miwili mbele ya watu. Mume wangu akarudi. Niliendelea na udobi mpaka Bwana alipohamishiwa wilaya nyingine. Siku ya kuondoka Memsahibu aliniachia pasi. Kitabu aliondoka nacho.

Nyumba yangu ikajaa. Mtoto mgongoni, mwingine njiani, mawifi watatu, wageni wa mume, majirani wanaoingia bila hodi kuazima chumvi. Nilikuwa nimeyaombea hayo kwa machozi. Na alasiri moja, mahindi yakiwa kwenye jiwe la kusagia na watu sita wakizungumza kwa pamoja, nilimpa wifi mtoto nikasema naenda kuokota kuni. Sikuokota. Nilipanda juu ya korongo nikakaa. Nilishtuka mwenyewe, jamani. Nilijikagua kama mtu anayekagua nguo kama ina kupe.

Sijakaa sana nikasikia mtu anapanda kwa kuhema. Mama mkwe.

"Umegombana na mwanangu?"

"Hapana, mama."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Kuni ziko wapi?"

"Sijaokota."

"Sasa unafanya nini hapa?"

"Nakaa tu, mama."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Aliweka fimbo chini. Akanigusa paji la uso kwa kiganja, akanigeuza macho kuyaangalia, akanusa pumzi yangu kama anavyomnusa ndama aliyekataa kunyonya. Hakuona kitu. Akatandika ngozi yake juu ya majani, akaketi kwa kuugua viungo, akasogea mpaka bega lake likagusa langu.

"Hukai peke yako tena nikiwa hai," akasema. Akaanza kunipa habari za mbuzi wa jirani aliyeingia shambani, tangu alivyokata kamba. Sikumkatiza. Alisimulia mpaka ng'ombe wakarudi.